Pesa ya Pamba, Taarabu ya Unguja: Mwongozo wa Mtu wa Lingeka

Mwongozo huu ni wa mtu wa Lingeka, mkoani Simiyu, pamoja na jirani zake wa Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambaye ameuza pamba, amelipa deni la viuatilifu, ametenga pesa ya shule, na bado amebaki na kibunda kidogo ambacho shemeji zake hawajakisikia. Kabla hawajakisikia, panda basi uende Unguja ukasikilize muziki.

Najua utakavyonijibu. Utasema Zanzibar ni ya wazungu, ya maharusi wa Masaki, na ya watu wanaopiga picha wakiwa wameshika dafu. Maneno hayo yamewakosesha wakulima wa Simiyu mji wa muziki usio na mwenzake katika nchi yao. Klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na mpaka leo ipo. Mgeni kutoka nje, tangu Oktoba 1, 2024, hutakiwa kulipia bima ya dola 44 kabla ya kukanyaga kisiwa hicho. Wewe bhabha (baba), na wewe mayu (mama), hamdaiwi bima hiyo, kwa sababu ni Watanzania na mnakwenda kwenu. Unachohitaji ni kitambulisho cha NIDA, nauli, na kuacha kuamini kwamba muziki wa nchi yako una wenyewe wengine.

Anza na kalenda, maana msafiri mwenye mfuko mwembamba huumia pale anapofuata tarehe za wenye mifuko minene. Matangazo yatakuita Februari, kwenye Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi limefanyika ndani ya kuta za Ngome Kongwe. Ni tamasha zuri, na Mtanzania huuziwa tiketi kwa bei ya chini kuliko mgeni. Lakini Februari mtu wa Lingeka yuko shambani. Pamba inataka palizi, bomba la dawa liko mgongoni, ghala linapungua, na pesa ya msimu uliopita imekwisha kugeuka sare za shule na harusi ya mpwa. Ukiuza mbuzi ili uende Busara, kila wimbo utausikiliza ukimfikiria yule mbuzi. Subiri.

Msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei. Vyama vya ushirika (AMCOS) vikishapima na kulipa, kuanzia Juni hadi Agosti mfuko wako uko katika hali yake bora ya mwaka mzima. Wakati huohuo Unguja nayo huwa imechangamka. Katikati ya mwaka huwa kuna ZIFF, tamasha la filamu la nchi za jahazi lililoanza mwaka 1998, ambalo tangu mwanzo limechanganya filamu na muziki. Julai kuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi, ambao nitaurudia kwa kirefu kwa sababu hauna tiketi. Jambo moja tu lichunge: Ramadhani. Mwezi huo mzima ala hunyamaza Unguja, na anayefika na hamu ya taarabu ataondoka nayo vilevile. Ramadhani husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo muulize jirani yako Mwislamu kabla hujalipia basi. Lakini Idd ikifika, klabu hutoka na maonyesho yao makubwa, viwanja vya sikukuu hujaa watoto wenye nguo mpya, na mji mzima hulala usiku sana. Idd ikiangukia karibu na malipo ya pamba, usifikirie mara mbili.

Sasa safari. Bodaboda mpaka Bariadi mjini, kisha basi la Dar es Salaam linalopita Maswa, Mwigumbi, Shinyanga, Nzega, Singida na Dodoma. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na nauli hiyo ndiyo fungu kubwa kuliko yote katika bajeti yako, kwa hiyo usikubali mpiga debe akuchagulie gari. Nenda dirishani, taja jina lako, pokea tiketi yenye namba ya kiti. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukaa ndani ya basi mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, kisha kutafuta usafiri wa kukupeleka mjini, na Mbezi ni mbali na bahari. Ya pili ni kushuka Dodoma na kupanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar katikati ya mwaka 2024 kwa nauli ya kawaida ya shilingi 31,000. Treni itakushusha katikati ya jiji, si mbali na gati la boti. Mtu wa hesabu ataongeza nauli ya kutoka stendi ya Dodoma hadi stesheni, na gesti ya usiku mmoja kama basi litafika treni ikiwa imekwisha kuondoka. Mimi husema hivi: mwenye mizigo na watoto abaki kwenye basi, mwenye begi moja na mgongo uliochoka achukue treni.

Beba chakula. Matobolwa, karanga na chupa kubwa ya maji vitakufikisha Dar bila kufungua pochi. Zile hoteli za njiani ambako basi husimama kwa muda mfupi, na kondakta anapiga honi ukiwa bado hujapata chenji, ndizo zinazokula pesa ya muziki. Kuku hai mwache nyumbani. Kama una mwenyeji Unguja, mpelekee kilo chache za choroko au karanga; ni zawadi isiyopiga kelele kwenye boti.

Ukifika Dar mwisho wa wiki, lala usiku mmoja na uutumie. Hapo ndipo zilipo bendi mbili ambazo baba zako walizisikia redioni wakichambua pamba: Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, na DDC Mlimani Park, Sikinde, iliyoanzishwa mwaka 1978. Hupiga kwenye kumbi za baa za uswahilini, kiingilio chake ni cha mtu wa kawaida, na wapenzi wao hawajaacha kubishana nani ngoma na nani kelele. Kunywa soda moja polepole. Mwenye baa hatakufukuza ukiwa unapiga makofi.

Boti ya Unguja huchukua saa mbili hivi. Mgeni hulipa kiwango cha juu, wewe hulipa kiwango cha chini, mradi uonyeshe kitambulisho. Nunua tiketi ofisini kwao, kwenye dirisha, hata kama kijana aliyevaa kizibao cha kampuni anakuambia dirisha limefungwa. Chukua daraja la kawaida. Aliye daraja la juu anafika dakika ileile unayofika wewe, na bahari anayoiona ni hiyohiyo. Kama hujawahi kupanda chombo cha maji zaidi ya kivuko cha Ziwa Victoria, usile sana asubuhi hiyo.

Ukishuka Malindi utakutana na papasi. Ndivyo Wazanzibari wanavyowaita vijana wanaowaganda wageni wakiwauzia ziara ya viungo, ziara ya pomboo, hoteli ya binamu, na urafiki wa milele. Wajibu kwa Kiswahili chako cha Bariadi chenye lafudhi yake yote, na wengi watageuka kumtafuta mwenye mkoba mkubwa. Anayebaki akikusemesha, muulize klabu za taarabu zinafanya mazoezi siku gani wiki hii. Kama anajua, umepata rafiki wa kweli.

Kutoka gati, fuata ufukwe kwa miguu kuelekea Forodhani. Ziara hii haina malipo na inabeba nusu ya historia ya muziki wa kisiwa. Utapita Mizingani, penye jengo la zamani la forodha ambako Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilianza kufundisha miaka ya mwanzo ya 2000. Mbele kidogo ni Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na ambalo upande mmoja uliporomoka Desemba 25, 2020. Lisimamie dakika chache. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa katika kila simulizi la chanzo cha taarabu: alivutiwa na muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni, na muziki ukapigwa katika kasri lake kwa Kiarabu, kwa ajili ya wakubwa. Watu wa kawaida walikuwa nje ya ukuta. Jirani yake ni Ngome Kongwe, na uani mwake unaweza kuingia ukatazama jukwaa la mawe ambalo limebeba wanamuziki wa bara zima.

Forodhani kula jioni moja, siyo kila jioni. Moshi wa mishikaki ni mzuri, taa ni nzuri, na bei hupanda kufuatana na viatu vyako. Uliza bei kabla hujashika kijiti chochote. Urojo na juisi ya miwa vinatosha, na mshiko wako utabaki.

Halafu vuka barabara. Nasema barabara ile inayoitwa Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado huiita Creek Road kwa sababu zamani palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Upande wa pili ni Ng'ambo. Huko ndiko waliishi wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu waliotoka utumwani na wajukuu zao, na huko ndiko baada ya Mapinduzi zilikojengwa zile nyumba ndefu za Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Lala huko. Tafuta gesti ya Ng'ambo inayotoza shilingi, kula kwa mama ntilie karibu na soko la Darajani, na utaweza kukaa siku nyingi kwa pesa ambayo Shangani, upande wa Mji Mkongwe, ingekulaza usiku mmoja na mashuka meupe.

Sababu yangu kubwa ya kukupeleka Ng'ambo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, binti wa watu maskini, akawa anakuja mjini kuuza vyungu akivinadi kwa sauti yake. Alihamia Ng'ambo, akajifunza uimbaji, na akafanya jambo ambalo kasri halikulifanya: taarabu akaiimba kwa Kiswahili, na akaimba habari za watu wa mtaani, wanawake walioonewa, wenye vyeo waliokula vya wanyonge. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo ziliuzwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Mwuza vyungu wa kijijini ndiye aliyeitoa taarabu ndani ya ukuta. Kwa hiyo mwuza pamba wa kijijini akija kuisikiliza asiingie kwa kuinama.

Sasa tumefika kwenye kiini cha mwongozo huu, nacho ni mazoezi. Hoteli kubwa za mjini zitakuuzia chakula cha usiku chenye taarabu kando yake: wanamuziki wawili watatu pembeni, wakipiga taratibu ili wasiwasumbue wanaokata samaki. Bei yake ni ya wageni. Wanamuziki haohao, siku nyingine jioni, wako klabuni kwao wakifanya mazoezi na wenzao wote, bila mtu wa kumfurahisha isipokuwa wao wenyewe. Muziki unaopigwa kwa ajili ya wenyeji ni wa bei ndogo kuliko unaopigwa kwa ajili ya wageni, na ni mzuri zaidi. Ukilielewa hili umeumaliza mwongozo, ingawa nakuomba uendelee kusoma.

Klabu mbili ndizo kubwa za taarabu asilia. Ikhwani Safaa, ambayo watu wengi huiita Malindi, ndiyo ile ya 1905. Culture Musical Club chanzo chake ni mwaka 1958, na makao yake ni Vuga. Khadija Kopa, ambaye wengi wa Bariadi wanamjua kwa kanga na mipasho ya kundi la TOT, alianzia hapo Culture. Fika jioni, baada ya sala ya Isha. Vaa nguo ya heshima: mayu, kitenge chako na mtandio vinatosha kabisa, bhabha, suruali ndefu, na kofia ya pama ivue mlangoni. Piga hodi, toa salamu, shikamoo kwa wazee wote hata yule anayeonekana kijana wa nywele nyeusi. Sema umetoka Simiyu na ungependa kukaa kimya usikilize. Kisha kaa kimya kweli. Usirekodi kwa simu mpaka umeruhusiwa. Kwa kuwa ni mazoezi, wimbo mmoja utasimamishwa mara kadhaa kwa sababu fidla hazikupatana au mwimbaji amewahi kuingia, na hapo ndipo utakapoelewa kazi iliyo ndani yake: udi, ganuni yenye nyuzi zaidi ya 70, akordioni, fidla zikiwa safu nzima, dumbaki na besi, wote wakitafuta kuvuta pumzi kwa pamoja.

Mtu wa Lingeka ana sikio la mambo haya kuliko anavyojidhania, kwa sababu amekulia kwenye mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma. Baada ya mavuno makundi ya Bagika na Bagalu yakikutana, hupiga kila mmoja upande wake wa uwanja kwa wakati mmoja, na hakimu ni miguu ya watazamaji: umati ukihamia ng'ambo ya pili, umeshindwa, hata kama manju wako ana sauti ya dhahabu. Watu wanaleta nyoka, wanaleta vinyago, wanaleta dawa, ilimradi umati usiondoke. Unguja nayo imejengwa juu ya ushindani wa namna hiyo. Klabu za wanawake kama Sahib el Ari, Royal Navy na Banu Saad ziliwahi kushindana kwa nyimbo za mafumbo kiasi cha kugawa mitaa. Tofauti ni kwamba bwana wa Bagalu anakutukana ukiwa unamwona, ilhali taarabu inakusema umekaa, umevaa vizuri, na unatabasamu. Sikiliza maneno kwa makini na mtazame nani anageuza shingo.

Hapo ndipo inapoingia tunzo. Kwenye onyesho, msikilizaji aliyeguswa na beti huinuka, hutembea kwa madaha hadi mbele, na humpa mwimbaji noti, huku akionyesha kwa macho na mkono kwamba ubeti huo umemhusu mtu fulani ukumbini. Ni sehemu ya muziki wenyewe. Mwenye bajeti ndogo asiikwepe. Kabla ya kuondoka Bariadi, vunja noti moja ya elfu kumi iwe noti za elfu moja moja, na kila usiku tenga mbili au tatu. Inuka, tembea polepole, toa, rudi. Kutembea kwako kunahesabiwa zaidi ya ukubwa wa noti. Ila hakikisha umeelewa wimbo unamsema nani, usije ukatunza fumbo lililoelekezwa kwa mwenyeji wako.

Harusi ni mlango mwingine, na hapa mayu ana bahati kuliko bhabha. Shughuli nyingi za harusi za Unguja ni za wanawake peke yao, na mama mwenye gesti akikuzoea siku ya pili anaweza kukuambia jioni tunakwenda mahali, vaa. Nenda, na uchange kama wanavyochanga wenzako. Bhabha abaki nje asubiri beni, matarumbeta na ngoma zinazosindikiza harusi mtaani. Hizo ni za kila mwenye miguu. Na wote wawili waulizie kidumbaki. Ni ndugu wa taarabu aliyekulia kwa watu wasio na pesa ya ganuni: ngoma mbili ndogo, fidla moja, cherewa, mkwasa, na besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai, fimbo na uzi mmoja. Inakwenda mbio, inachezwa, na haimwachi mtu kitini. Kama nafasi yako Unguja ni ya usiku mmoja tu, tafuta kidumbaki.

Unyago usiutafute. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliupigia ngoma maisha yake yote, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na akafariki Aprili 17, 2013 akiwa amezunguka dunia. Alipenda kuimba jukwaani kwa kila mtu, lakini unyago wenyewe ni mafunzo ya wanawake na wali wao, na haukuandaliwa kwa ajili ya mgeni mwenye simu.

Utaulizwa kama umeona nyumba ya Freddie Mercury. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, akaja kuwa mwimbaji wa bendi ya Queen. Jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani mwaka 2019 na lina kiingilio. Sina ugomvi na Freddie, sauti yake ilikuwa ya ajabu. Lakini pesa yako ina mpaka, na yeye haimbi humo ndani. Piga picha mlangoni, bure, halafu kiingilio chake kipeleke kwa mtu aliye hai anayepiga udi.

Mfano wa mahali pa kukipeleka ni DCMA. Chuo hicho kimefundisha vijana wengi wa visiwani ala za asili na nadharia ya muziki, na Siti Amina, anayeongoza Siti and the Band, alipitia huko. Mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Watalii wa dunia nzima walikuwa wanapita barabarani mbele yake kwenda kula kamba. Uliza kiko wapi sasa na kama kuna onyesho la wanafunzi wiki hiyo, na tiketi ya hapo usiombe punguzo. Kote kwingine katika mwongozo huu bana senti. Hapa lipa.

Na sasa Makunduchi, kama nilivyoahidi. Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa jadi, na huadhimishwa Julai kusini mwa Unguja. Panda daladala namba 310, keti ubanane. Utaona wanaume wakichapana kwa mabua ya migomba hadharani ili kinyongo cha mwaka kiishe, kibanda cha makuti kikichomwa moto, na wanawake waliojipanga kwa mavazi yao wakizunguka uwanja wakiimba nyimbo za kuwasuta wanaume, maneno ambayo siku nyingine yasingesemwa. Kama umemzoea manju wa Kisukuma akimwaga siri za kijiji mbele ya mtemi, utajiona uko nyumbani. Hakuna kiingilio. Zaidi ya hapo, mila ya siku hiyo inamtaka kila mwenye nyumba awe na mgeni, na mgeni hula. Nenda na kilo za sukari kama heshima. Kwa mtu wa bajeti yako, hii ndiyo siku moja katika mwaka ambapo Unguja nzima ya kusini inamtafuta mtu wa kumlisha, nawe una njaa ya safari.

Ikiwa umefika hapa, umehesabu, na pesa haitoshi hata kwa daraja la kawaida la boti, usikate tamaa na usikope. Panda gari la Lamadi, pitia Magu, ushuke Kisesa, kabla hujafika Mwanza. Hapo Bujora, Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza miaka ya 1950 kukusanya vitu vya Wasukuma, na makumbusho yake yana ngoma za watemi zilizohifadhiwa kwa safu. Kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, tamasha la Bulabo huwakutanisha Bagika na Bagalu kwenye uwanja wake. Wapo Wazungu waliovuka bahari mbili kuja kuona ngoma ya bugobogobo, wakaandika vitabu vinene juu ya nyimbo zetu za kulimia, huku mtoto wa Lingeka akiwa hajawahi kufika. Mpeleke. Ni pesa ya siku moja.

Lakini kama kibunda kinatosha, basi Unguja. Na usiku wa mwisho, kabla ya kurudi gati, rudi tena klabuni uliposikiliza mazoezi bila kulipa chochote. Nyuzi za ganuni hukatika, na ngozi za ngoma hupasuka. Muulize katibu wa klabu anapokea mchango kwa njia gani, na umwachie ulichokiokoa kwa kula matobolwa njia nzima.